Kifungo cha Tatu

Kifungo cha kwanza hakina neno.
Cha pili nacho kipole, kinakaa.
Ni hiki cha tatu
kinachogombana na uzi tangu saa mbili asubuhi,
na kati yake na cha nne
pana dirisha
ambalo sikulifungua mimi.

Mimi ni mhasibu wa chama cha wakulima wa tumbaku,
ghorofa ya kwanza, nyuma ya stesheni, Tabora.
Nina pini. Naibana kwa ndani, kimyakimya,
kisha pumzi naivuta kwa hesabu,
kicheko nakitoa kwa mafungu.
Faili la rafu ya juu namtuma Shija,
naye anadhani ni cheo kimenipanda kichwani.

Nimeyajaribu mashati.
Jumamosi, mitumbani, jua halijakomaa,
mkono mmoja unafukua rundo, mwingine umekumbatia mkoba.
Lililonienea kifua lilikuwa na mabega ya mbeba magunia,
mikono ikanifika kwenye kucha,
kiunoni tungeingia mimi na mdogo wangu.
Lililonikaa mabega likagoma kukutana mbele,
pande mbili kama mawifi waliokosana msibani,
kila mmoja kaangalia kwake.
Muuzaji akasema, "Vaa fulana ndani, dada, uliache wazi."
Mwingine akasema, "Punguza kula."
Kana kwamba kifua nilikipima kwenye mzani nikakilipia,
kana kwamba sikukirithi kwa bibi Kalunde wa Sikonge,
aliyevaa khanga hadi siku anazikwa
na hakuna khanga iliyowahi kumwambia hapana.

Machi, kikao cha bodi.
Nimesimama na taarifa ya mapato, nimefika kwenye mbolea,
nikanyoosha mkono kuonyesha safu ya mwisho,
ta!
Kikatoka. Kikagonga meza, kikabingirika bila haraka
kupita chupa za maji, kupita kalamu ya katibu,
kikalala kifudifudi mbele ya mwenyekiti.
Mwenyekiti akafuta miwani.
Katibu akasoma upya ajenda tuliyokwisha ifunga.
Wanaume tisa wakagundua kwamba dari lina nyufa.
Nikamalizia nimelikumbatia faili,
na hakuna aliyeniuliza swali hata moja.

Fundi Nyamizi ana cherehani barazani, Isevya.
Hakucheka. Alinivalisha shati lile lile,
akanizunguka mara moja kama mtu anayekagua tairi,
pini tatu kaziuma.
"Shati halina kosa," akasema kwa pembe ya mdomo,
"ila lilikatiwa mtu mwingine."
Akashika utepe. Juu ya kifua. Kifuani penyewe. Chini ya kifua.
Namba tatu! Nami miaka yote nilikuwa nataja moja.
Mimi, mhasibu.
Akatia chaki pale palipojaa kuliko pote:
"Kifungo kinaanzia hapa.
Usianzie shingoni, anzia penye kazi,
vingine vitapanga foleni juu na chini."
Mikunjo miwili kutoka ubavuni,
na kwa ndani kishikizo kidogo cha siri, cha siku za mikutano.
Kitambaa cheupe, mita mbili na robo,
nusu ya malipo leo, nusu siku ya kuchukua.
Nililichukua siku nne baada ya ile aliyoahidi.
Fundi ni fundi.

Alhamisi, mkutano mkuu.
Ukumbi unanuka tumbaku iliyoletwa kwenye makoti.
Nikaandika juu kabisa ya ubao, mkono wote,
shati likapanda nami, likashuka nami,
kufika mstari wa tano nilishasahau kama nimelivaa.
Ndipo mama mmoja wa Urambo akasimama,
kofia ya ukindu mkononi:
"Hizo milioni nne za mbolea, binti, zimekwenda wapi?"

Swali gumu. Lakini lilikuwa langu.
Nikavuta pumzi, yote,
nikaanza kumjibu.