Maoni ya Mfua Jezi

Msinifundishe mpira.
Mwaka wa kumi na moja huu nafua jezi za chuo cha ualimu,
hapa Tukuyu, ambako mvua haiombi ruhusa
na tope, jeusi kama masizi ya sufuria,
halijui kusingizia mtu.
Nyie mnaitazama mechi dakika tisini mnakwenda zenu.
Mimi naisoma upya Jumatatu, karaini,
kwa vidole.

Namba kumi, Gwamaka Mwasulama.
Mnamshangilia. Wasichana wa mwaka wa pili
wamemwandika hadi kwenye madaftari ya saikolojia.
Haya, niulizeni jezi yake.
Inanukia mafuta ya nywele. Kola safi, tumbo safi,
naichovya mara moja, naianika, basi.
Kiungo gani huyo anatoka uwanjani katikati ya masika
akiwa msafi kama bwana harusi?
Mguu anao, sikatai.
Nilimwona akimpiga chenga beki wa chuo cha kilimo
hadi yule mtoto akamkumbatia mwamuzi.
Lakini mpira ukipotea, naye hupotea nao:
anashika kiuno, anautazama mlima
kana kwamba Rungwe ndio uliompokonya.

Kipa, Asajile.
Tope lake liko upande wa kushoto tu.
Kulia haruki.
Nilimwambia kocha mbele ya ndoo zangu,
akacheka: “Mama Tumpe, wewe tia sabuni.”
Wakaja wale wa Iringa, wakatufunga matatu,
yote kulia.
Nikatia sabuni.

Na wa mpira wa pete wasijifiche nyuma ya sketi.
Enea na Subilaga hawasalimiani
tangu ule ugomvi wa godoro bwenini,
na kila pasi inalijua hilo godoro.
Mfungaji anasimama chini ya goli, mikono juu,
kama mtu anayengoja embe lidondoke
huku kwetu kwenye maparachichi.

Sasa Sanga, namba nne, kijana wa Makete.
Huyu hamumtaji.
Mfupi, chenga hana, mpira ukimfikia
anaurudisha haraka kama deni la watu.
Jezi yake nailoweka usiku kucha,
namwaga maji, namwaga tena, ya tatu bado kahawia.
Begani nyasi, kifuani nyasi,
na mara moja, kwenye mkono, alama za meno;
sikuuliza ya nani.
Mkitaka kujua kwa nini tulifungwa matatu na si manane,
njooni mnisaidie kukamua.

Mimi nasema kwa sababu nawafulia.
Juzi sokoni, muuza viazi mmoja kutoka Uyole
kanidokolea, meno yote nje:
“Timu yenu ya walimu inacheza
kama inasahihisha madaftari.”
Nilicheka? Moyoni, kidogo, maana ni kweli.
Lakini mdomo wangu ulikwishaondoka:
Gwamaka ni almasi, nikasema,
Asajile anadaka hata nzi,
na viazi vyako vimeoza, shusha hilo debe.
Nikarudi nyumbani mikono mitupu,
tukala ndizi.

Jumamosi ni marudiano. Iringa kulekule, kwenye vumbi lao
lile jekundu linaloingia hadi kwenye mshono.
Tangu jana wingu limekaa juu ya kamba yangu
na jezi kumi na tano hazikauki;
nimezihamishia jikoni, zitakwenda zikinuka moshi,
wapinzani watadhani tumekuja kuchoma nyama.

Kocha sikumwambia kitu tena.
Ila jezi ya Asajile
nimeishonea kiraka kwenye kiwiko cha kulia,
kinene, mikunjo mitatu ya blanketi kuukuu.
Cha kushoto nimekiacha hivyo hivyo, kitupu.
Labda ataelewa.