Njia ya Mweka

Jumatatu ile nilikuwa nakoroga chokaa
kwenye ndoo ya rangi isiyo na mpini,
uwanja wa Njoro ungali na umande,
Aikaeli akaja mbio, redio kwapani.
"Umesikia? Wale wakubwa wa Ulaya wanajitoa.
Wanaanzisha ligi yao, wenyewe kwa wenyewe,
televisheni imeshawawekea hela mezani,
na hakuna wa kushuka daraja."

Hakuna wa kushuka?
Hakuna.
Hata akifungwa mechi zote?
Hata akifungwa na upepo.

Nikaendelea kupiga mstari.
Nafunga uzi wa katani kwenye msumari,
narudi kinyumenyume mpaka kwenye kibendera cha kona,
kipande cha kanga ya marehemu shangazi,
maandishi yake yamebaki nusu: *Usisafirie nyota ya*

Sisi tulishuka mwaka wa ukame.
Dakika ya themanini na tisa, tunacheza na Kiboriloni,
kona, jua la saa kumi na moja usoni.
Mjini wanasema kosa lilikuwa la beki.
Acha niseme mwenyewe: golini nilikuwa mimi.
Niliuona mpira ukija, mkubwa kama sinia,
nikadaka hewa.
Mzee Kileo, mwenyekiti, fundi cherehani,
aliyetushonea jezi kwa mkopo wa vitambaa,
alikaa juu ya kreti la soda hadi giza likamfunika
na hakuna aliyethubutu kumwambia twende.

Msimu uliofuata tukacheza Kahe, tukacheza Uchira,
kwenye viwanja ambavyo ng'ombe hupita kwanza
na refa husubiri.
Miaka minne.
Siku tuliyopanda tena, mama yangu,
asiyejua ofsaidi ni kitu cha kula au cha kuvaa,
alimwaga mbege kizingitini, akanikataza kupafuta.

Usiku ule nilipita bandani kwa Sifaeli, kule Pasua.
Viti arobaini, vijana sabini,
migongoni majina wanayoyatamka kila mtu kivyake.
Kiingilio mia tano; mechi kubwa, elfu.
Sifaeli analalamika king'amuzi kimepanda bei tena,
na safari hii huenda kukawa na chaneli nyingine, malipo mengine.
Nikaitazama mia tano yangu ikiingia kwenye kopo la Blue Band,
nikaifuata kwa mawazo: kopo, wakala, dishi, mawinguni,
mpaka mfukoni mwa mtu asiyejua kama Pasua ipo.
Inapanda, inapanda.
Sijawahi kuiona ikirudi, hata ikiwa wavu wa goli.

Msimu wa wageni mimi ni mgumu, nabeba kilo ishirini kichwani.
Tunapanda kwa Machame, tunashuka kwa Mweka.
Kule juu nimewaona matajiri, nimewaona hohehahe wenye kupiga harambee,
wote wanatapika, wote wanapiga picha kwenye kibao,
na baada ya dakika kumi na tano kiongozi anasema haya, twendeni.
Magoti huumia kwa kushuka, si kwa kupanda.
Sijaona aliyejenga nyumba pale.

Alhamisi Aikaeli akarudi, mwendo wa kawaida.
"Wameghairi. Nusu yao.
Hao wengine wanasema bado wanatafakari."
Sikumjibu. Chokaa ilikuwa imeniishia
katikati ya duara la kati,
nikamalizia kwa majivu ya jiko la Mama Nderingo,
nusu nyeupe, nusu kijivu.
Jumapili tuna Uchira.
Tukifungwa, tunashuka.

Kipa wetu ana miaka kumi na saba, glovu za kuazima.
Alisimama kando yangu muda mrefu, anachezea uzi wa katani,
kisha akauliza, taratibu, kana kwamba ni aibu,
kipindi cha pili jua huwa upande gani.

Nikamshika bega, nikamgeuza,
nikamwonyesha.