Namba Tano, Upo?

Adam, kabla ya jua.
Tumezifungua ndege kama watu wanaofungua mbuzi,
kamba moja moja, huku tukisema nazo.
Umande umekaa juu ya mabawa,
na umande huku ni mgeni wa siku mbili tatu kwa mwaka;
Ghalib akaufuta kwa kilemba chake, kisha akakivaa tena.

Ndege tano. Roho nane.
Na debe la halwa, lililopandishwa mizani pamoja na mizigo
kwa sababu Zuwena alisema:
"Halwa nayo ina uzito, msinidanganye."

Tunakwenda Sur, kwenye mkusanyiko wa marubani,
kilomita mia mbili, na katikati mchanga mtupu.
Ndege yangu ina viti viwili.
Cha pili amekaa mpwa wangu Yaqdhan, miaka kumi na mitatu,
mfuko wa kutapikia mkononi, anaushika kama hati ya nyumba.

Mnara tumeuaga kwa Kiingereza.
Mafuta tumeyanunua kwa Kiarabu.
Lakini kimo kikishatulia, kwenye masafa yetu wenyewe,
Zuwena, aliye mbele, huita kwa Kiswahili cha Wete
alichonyonya kwa mama yake:
"Mbili, upo?"
"Nipo."
"Tatu, upo?"
"Nipo," nasema, na koo linanikauka kidogo,
kama shuleni, siku ya kwanza, jina langu likiitwa.
"Nne?"
"Tupo," anajibu Sulaima, maana mumewe yuko naye, anasinzia.
"Tano?"
"Nipo, nipo," anasema Mundhir, mara mbili daima,
moja yake, moja ya ndege,
aliyoiunda mwenyewe kwa miaka tisa, gereji kwake Samail,
hata mkewe akasema skrubu zake anazijua kwa majina
kuliko anavyowajua wajukuu.

Jua likatoka, tukiwa tunalielekea.
Kila mtu akainamisha kidevu.
Chini mchanga umejikunja
kama shuka la mtu aliyelala vibaya,
na ngamia saba, wadogo, wakiburura vivuli
virefu kuliko wao.

"Tano, upo?"

"Tano."

"Mundhir."

Redio ilikaa kimya, ule ukimya wenye mchakacho ndani.
Zuwena hakutoa amri. Alipunguza tu mwendo,
nasi tukapunguza,
kama wapita njia wanaomngoja mwenzao afunge kiatu.
Nikageuza shingo mpaka ikauma.
Nyuma hapakuwa na kitu, ila vumbi la mbali na mwanga.
Nilianza kuhesabu. Sijui nilikuwa nikihesabu nini.

Aliyemwona ni Yaqdhan,
yeye na uso wake wa kijani:
"Mjomba, kule. Chini yetu. Kushoto."
Punje ya mchele iliyodondoka mkekani.
Ikainamisha bawa, kushoto, kulia, kushoto tena.
Redio imekufa. Mwenyewe mzima.

Kabla sijafanya lolote mtoto amebonyeza kitufe,
na kwa Kiswahili cha kuokoteza, cha simu za bibi yake,
akasema: "Tano... ipo."
Kimya. Akajirudi:
"Yupo."
"Ipo au yupo?" akauliza Zuwena, sauti inamtetemeka,
sikujua ni kicheko au ni kitu gani.
"Ipo na yupo," akasema Yaqdhan,
halafu akatapika.

Sur palikuwa na ndege zaidi ya arobaini
na wanaume wa miwani myeusi wanaopiga mabawa kofi
kama wanunua ng'ombe.
Mundhir alishuka wa mwisho. Akachomoa waya mmoja, akautazama.
"Miaka tisa," akasema. "Na huu ndio nimesahau kuukaza."
Akala halwa kabla ya maji.

Kisha, akifuta vidole:
"Lakini leo mlikuwa mnakwenda kama konokono.
Nimewafikia bila taabu. Injini yangu imepata nguvu, wallahi."

Tukatazamana.
Ghalib akashughulika na kilemba chake.
Zuwena akamjazia kikombe cha kahawa, polepole, hadi ukingoni.
"Upepo," akasema.
"Leo ulikuwa upepo."