Saa Kumi na Moja, Usoke

Alhamisi hukutana kwa mama Kalunde,
sebule inanuka tumbaku iliyochambuliwa jana,
madaraja yamelazwa juu ya gunia, tunayakwepa kwa magoti.
Mimi ndiye karani. Daftari ni langu, lakini mistari
mchungaji aliichora mwenyewe kwa rula:
Somo. Waliohudhuria. Fundisho.
Fundisho lina mstari mmoja.

Juma hili tulisoma wale vibarua wa mizabibu:
wa alfajiri, wa saa tatu, wa saa sita,
na wale wa saa kumi na moja,
wote wakapewa sawasawa.
Saa hatukuhitaji kuelezwa.
Saa za kitabu ni saa zetu, huamka na jua,
na kila mtu pale anaijua saa kumi na moja:
kivuli cha bani kimefika kisimani,
mgongo unaomba ruhusa.

Biblia ya marehemu baba inasema dinari.
Ya Nshoma, mpya, jalada la kijani, inasema fedha.
Tukakwama hapo nusu saa, kabla ya maana yoyote:
dinari ni shilingi ngapi, kwa bei ya unga ya sasa?

Mzee Mihayo, heka kumi na mbili, akatukata.
"Ni neema. Shamba la Mungu, mkoba wa Mungu.
Anayehesabu saa bado hajaokoka vizuri."
Alisema akitazama dari.

Nshoma, aliyekaa chuo cha Biblia miezi mitatu,
akasema wa kwanza ni Israeli, wa mwisho ni mataifa.
"Mataifa ndio nani?"
"Sisi."
"Hata mzee Mihayo?"
"Hata yeye. Ameajiriwa jioni kama sisi."
Watu wakacheka, mzee naye kidogo.

Veneranda ni Mkatoliki, huja na shemeji yake,
husema amefuata chai. Akaweka kikombe chini.
"Kwetu hao wa jioni tulifundishwa ni wavivu.
Leo nimesikia wanajibu wenyewe:
hakuna aliyetuajiri.
Kumbe walisimama kutwa.
Mwanangu yuko stendi ya Urambo tangu Machi, amesimama.
Mniambie nani amechoka zaidi."
Hatukumwambia.

Ndipo Bukuru akakohoa.
Huyu alishuka treni hapa akitokea Kasulu,
begi moja na jembe lisilo na mpini.
Amelima kwa Mihayo misimu miwili. Wa pili
ukakatwa mbolea, ukakatwa unga, ukakatwa hata kamba,
akabaki na elfu thelathini na shukrani.
"Mimi naona," akasema,
"bwana yule alilipa jioni ile ile."
Akaweka kidole kwenye aya, kana kwamba itakimbia.
"Jioni ile ile. Hapa hapa.
Hakuna aliyeambiwa angoje soko."

Jani moja la tumbaku lilianguka kutoka kwenye gunia.
Tulilisikia.

"Neno lina maana moja!" akasema Mihayo,
na Nshoma akafungua mdomo, na shemeji wa Veneranda,
na mimi, nikiri, nilikuwa na yangu.
Mama Kalunde alikuwa anakusanya vikombe.
"Na kesho yake?" akauliza.
"Kesho yake alfajiri, nani alikwenda kazini,
na nani alilala akingoja saa kumi na moja?"
Tukapekua. Kitabu hakisemi.
Kinahamia jambo jingine, sisi tumebaki shambani.

Tuliomba. Bukuru aliombea mvua
ya mashamba yote, akataja na la Mihayo.

Nikaandika: Neema.
Kisha, kwa herufi ndogo: mataifa, ndio sisi.
Kisha: walisimama kutwa.
Rula ikaisha. Nikapanda pembezoni,
nikageuza daftari ubavu, nikaandika:
jioni ile ile.

Uani, gizani, Mihayo alinishika mkono.
"Umeandika nini?"
Nikammulikia kwa simu. Hakuja na miwani,
akalisogeza daftari mbali, karibu, mbali tena.
"Hapa pembeni," akasema, "mwandiko mbaya."
Akasoma tena.
Hakusema nifute.