Sindano Inakaa Wapi

Isevya, saa nne asubuhi. Juu ya gunia
fundi Nkwabi amezilaza sambamba
shafti mbili za kamu, zinang'aa oili
kama watoto waliotoka kuogeshwa.
Kwa mbali, pacha.
Nikiinama naona: hii mayai yake marefu, mabega mapana;
ile mayai yake mafupi, ya kanga.

"Ya kushoto," anasema, "ni ya wenye haraka.
Inainua vali juu, inachelewa kuifunga.
Ukifika elfu sita, pikipiki inasahau uzito wake.
Chini ya elfu tatu itakukoholea."

"Na hii?"

"Hii haina sifa."

Nimekaa reli miaka ishirini na sita,
nimezipungia bendera treni za Mwanza, Mpanda, Kigoma.
Mlango na saa usinifundishe.
Mlango ukichelewa kufungwa,
abiria aliyekwisha panda anateremka tena kununua karanga,
behewa linaondoka na kiti chake kitupu.
Ndivyo ifanyavyo hewa, anasema Nkwabi,
injini ikienda polepole na vali ingali wazi:
inaingia, inaangaza macho, inarudi ilikotoka.

Nimeelewa. Na bado naitaka ya kushoto.

Niliisikia kwa yule kijana wa mkandarasi wa barabara,
amesimama mbele ya benki, injini inachechemea,
dugu-dugu, dugu,
dugu-dugu,
watu wakageuza shingo.
Nina miaka sitini na moja.
Nani amegeuza shingo kwa ajili yangu
tangu nirudishe kofia ya reli?

Nkwabi hakubishana. Alichana karatasi
kwenye daftari lake la madeni, akanipa na penseli.
"Safari moja tu. Kila kibao cha kijiji,
tazama sindano, andika."

Tukaenda Kigoma, Kalunde nyuma yangu,
madebe mawili ya asali ubavuni.
Urambo: elfu mbili mia nane.
Kaliua: elfu tatu kasoro.
Chagu, mbuzi barabarani: elfu mbili.
Nguruka hatukuwa na sindano, tulikuwa na samaki,
Kalunde akibishana bei.
Uvinza, mlimani, lori la chumvi likihema mbele yetu:
elfu mbili mia tano, nimeshusha gia mara mbili
na injini bado inanung'unika.
Elfu sita niliigusa mara moja,
karibu na Kidahwe, Kalunde kashuka kwenda haja.
Sekunde nne hivi. Peke yangu, kama mwizi.
Aliporudi akasema, "Nimekusikia."

Karatasi ilimfikia Nkwabi na doa la asali.
Aliipitisha kidole juu hadi chini.
"Hapa ndipo unapoishi.
Mtu hanunui kitanda cha nyumba asiyolala."

Akafungua injini. Alama kwa alama, nukta kwa nukta,
akavuta cheni ya taimingi, akapima nafasi ya vali
kwa kibati chembamba kama ukucha,
kisha akaizungusha kwa mkono, taratibu, mara mbili,
vali isije ikabusu pistoni.

Nilipowasha, nilihuzunika kidogo.
Mlio ule ule, labda mzito zaidi,
wa mtu anayeguna usingizini.
Isevya nzima hakuna aliyegeuka
isipokuwa kuku.

Mwezi uliofuata, mlima ule ule wa Uvinza.
Lori jingine la chumvi. Gia ya nne.
Vidole vyangu viko kwenye klachi, kwa mazoea,
vinasubiri kuombwa.
Injini haikuomba.
Kalunde, asiyejua kamu wala taimingi,
akanigonga bega: "Mbona hujashusha gia?"

Ile nyingine bado iko kwa Nkwabi,
rafu ya juu, imefungwa gazeti.
Kila nikipita namuuliza bei.