Chupa Moja katika Elfu

Kwenye chumba nyuma ya bohari, hapa Walukuba,
Opendi ametuwekea kiwanda ndani ya kioo:
mkanda unatembea, hausikiki,
chupa zinapita, hazigongani,
na zikianguka hazimkati mtu.

Kagoya anacheka. Yeye alifunzwa na chupa zenyewe,
miaka ile umeme ulipokuwa wa kubahatisha.
Cheti chake kiko kiganjani, mkono wa kushoto:
mshono wa nyuzi saba.

Siku ya kwanza kasoro zimejaa kama kumbikumbi.
Hii ina ufa, ile imeota kiputo shingoni,
hii mdomo wake una pengo.
Kidole juu ya kitufe chekundu, nakataa, nakataa,
nakataa hata nzima.
Kompyuta inahesabu bila kununa:
kumi na moja umezionea.
Nne zimekupita.

Nne.
Namwaza mtoto wa Bugembe na soda yake ya sikukuu,
na kipande chembamba kama ukucha wa paka.

Tumekua na ule usemi, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa ufa hauzibwi.
Unaonwa, au unauzwa.

Wiki ya pili Opendi akazipunguza mbovu.
Kumi katika mia. Moja katika mia.
Kisha moja katika elfu, naye akatoka kwenda kununua rolex.
Hapo ndipo nilipoijua kazi.
Kinacholishinda jicho si ufa, ni uzima:
nzima, nzima, nzima, nzima,
mpaka jicho linalala likiwa wazi,
duka lenye taa, lisilo na muuzaji.
Ile moja ikaja baada ya mia sita na kitu.
Niliiona mgongo tu.

Rudia, kioo kikaandika.
Nikarudia siku tisa.

Jumatatu nikasimama kwenye mkanda wa kweli,
joto, mvuke wa sabuni, kelele hadi kwenye meno,
na hakuna wa kuniambia ni ngapi katika elfu.
Kagoya upande wa pili, macho ameyafumba nusu.
Saa tano akanyoosha mkono, akaitoa moja
kabla haijanifikia.
Hakuiona. Aliisikia:
katikati ya wenzake wanaolia kengele
yenyewe ilikohoa.

Mchana nikamfuata Opendi.
Chupa zako, nikamwambia, ni bubu.
Akatafuta karatasi, akaikosa,
akaandika kiganjani.