Daktari Ameniandikia Kilima

Nimetoka kliniki ya Nyawera na karatasi mkononi.
Vidonge vipo, lakini juu yake kimeandikwa kilima:
nusu saa kila siku, kwa miguu,
hadi jasho litoke na bado uweze kuzungumza.
Nilimtazama yule kijana, kalamu mbili mfukoni,
nikacheka hadi akalazimika kunipima presha upya.

Mwanangu, mazoezi?
Miaka ishirini na minane niliyafanya,
toka bandari ya Muhanzi hadi soko la Kadutu,
gunia la unga mgongoni, ukanda ukinikata paji la uso.
Gusa hapa. Bonde hili halikuchimbwa na uzee.
Wakati ule hayakuitwa mazoezi.
Yaliitwa njaa.

Bugali wa usiku uliteketea kabla ya alfajiri,
na sambaza, konzi moja, wasionekane walikokwenda.
Tumbo lilikuwa jiko linalopulizwa na upepo wa ziwa.
Moyo? Sikuujua.
Nani humsikiliza mbeba mzigo asiyelalamika?

Kisha watoto wakapata kazi.
Nsimire akaninunulia kochi la kahawia.
Cikuru akaukata ukanda wangu kwa kisu cha jikoni,
akasema, Mama, tua.
Nikatua.
Nilipoacha kupanda, damu ikapanda badala yangu:
kumi na nane juu ya kumi na moja.

Kijana ananieleza bila haraka.
Nyama za mapaja ndizo walaji wa sukari, hata ukilala;
zikisinyaa, chakula kinakosa mwenyewe,
kinajibanza kiunoni kama mgeni asiyeaga.
Na mishipa hukakamaa kwa miaka,
mfano wa mpira wa maji uliosahaulika juani.
Haitarudi yote kuwa laini, sikudanganyi.
Lakini moyo, Mama, hata wa miaka sitini na sita,
bado unafundishika.

Unafundishika.
Neno hilo sikulikunja pamoja na karatasi.

Basi leo, saa kumi na mbili, ukungu bado juu ya ziwa,
niko kwenye ngazi za Kadutu, mgongo mtupu.
Mtupu kiasi cha kuona haya.
Bila gunia sijui mikono niiweke wapi.
Kijana wa pikipiki ananiita, Mama, nikupandishe?
Namkatalia kwa kidole, pumzi nimeziwekea akiba.

Nyuma yangu, hatua ninazozijua.
Mwanamke, labda miaka thelathini, kilo hamsini za unga,
shingo imekaza, macho ardhini.
Dawa yake inamzidi, yangu imechelewa.
Natamani kumwambia, nigawie nusu.
Ananipita, ananitupia jicho:
bibi anayepanda bure.

Nasimama. Naweka vidole viwili shingoni
kama nilivyofundishwa.
Huyo hapo, anagonga, anagonga.
Habari za siku nyingi, mwenzangu.
Kumbe wewe hukutua.